Upepo Niliomwomba Papa Yako Autoe

Sifa mwanangu,

Umetoka muda si mrefu kwenda biro, ofisi ya usafiri, kufuata karatasi za safari, na kwa jinsi ninavyowajua watu wa biro, watakukalisha kwenye benchi mpaka jua lipinde. Kwa hiyo nina saa mbili, pengine tatu. Pikapu ya patroni wako, tajiri aliyekuajiri, imesimama hapa uani, imejazwa simenti na mabati, na wapakiaji wanne wamejinyoosha kivulini wakisubiri chai niliyowaahidi. Kesho alfajiri unaiendesha kutoka Kalemie, unakwenda kukaa Manono. Nimechana kurasa za katikati za daftari lako la zamani, nimekaa mezani, na ukiona herufi zimepinda ujue ni haraka, si uzee.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala dawa ya malaria, wala kutenga nguo nyeupe. Wewe ni binti wa miaka ishirini na sita. Kama mpaka leo hujui kusonga bukari isiyo na mabonge, watu wa Manono watakuvumilia au watakufukuza, mimi nimeshindwa. Nataka kukuandikia juu ya upepo wa magurudumu ya gari. Najua unajiuliza tangu lini Mama akajua mambo ya mipira. Najua jambo moja tu, Sifa, nililijua kwa njia mbaya, na nimekuficha kwa miaka kumi na mitano.

Nianze na leo saa sita. Ulikuwa juu ya mzigo ukikaza kamba. Papa yako akatoka nyuma ya nyumba, ameacha nyavu anazoshona, mkononi ana kile kipimo chake cha upepo alichokizungushia kitambaa. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Ukamwona kutoka huko juu, ukasema kwa sauti iliyomfanya hata jirani aliyekuwa akitwanga asimamishe mchi:

“Papa, achana na mipira yangu. Weye njo muntu wa kunifundisha upepo? Mama Ester ulimufundisha nini?”

Mpakiaji mmoja alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. Papa yako alisimama polepole, akajishika kiuno, akakizungushia kipimo kitambaa chake, akarudi kwenye nyavu. Wewe ukashuka, ukapiga teke magurudumu yote manne, moja baada ya jingine, kama madereva wa bandarini wanavyofanya. “Iko sawa,” ukasema. “Yote inaitika.” Ukaenda zako biro.

Sikai hapa kukukaripia. Maneno yako yalikuwa makali, lakini sikukasirika nawe. Niliona aibu, maana yalimfikia mtu ambaye hayakumstahili. Mwenye kuyastahili alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji mkononi, akakutazama ukimtukana baba yako, asifungue mdomo. Ndiyo sababu naandika. Kwa mdomo nimeshindwa mara nyingi mno.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Unachokijua ni hiki: papa yako alikuwa akitoka Kabimba na pikapu ya mfanyabiashara mmoja, mzigo wa simenti, gurudumu likapasuka kwenye mteremko, na Mama Ester, jirani yetu na mwenzangu wa kwaya, akafa. Unajua pia kwamba papa yako alikuwa amepunguza upepo njiani, maana ndivyo alivyokiri mwenyewe mbele ya polisi. Watu wakasema dereva mzembe. Wengine wakaongeza chumvi, wakasema alikuwa amelewa, mtu ambaye hata divai ya meza ya Bwana anaigusa kwa ncha ya mdomo. Ukiondoa ulevi, yote ni kweli. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini aliutoa upepo.

Tulikuwa tumekwenda Kabimba, mimi na Mama Ester, kununua nyanya. Jumamosi ile kulikuwa na harusi kanisani, na mimi kwa domo langu nilikuwa nimejigamba mbele ya kamati nzima kwamba nyanya zote zitatoka kwangu, tena nzuri kuliko za sokoni. Nilipenda kusifiwa, Sifa. Bado napenda, ila siku hizi nikisifiwa naingiwa na hofu. Nilipata vikapu saba, nyanya zimeiva sawasawa, nikaona harusi ni yangu.

Papa yako alikuwa amepakia simenti tangu siku iliyotangulia. Asubuhi, kabla jua halijashika, nilimwona akilizunguka gari na kipimo chake. Ilikuwa desturi yake. Magurudumu yakiwa yamelala na kupoa, kabla ya kuwasha injini, anapima moja moja. Mbele akaweka upepo wa bari mbili na nusu, nyuma nne na robo kwa sababu ya uzito. Namba hizo hakuzitoa kichwani. Zilikuwa zimeandikwa kwenye kibati kidogo upande wa mlango wa dereva, na alizikariri zamani. Aliniambia kila gari lina zake, na lenye mzigo halijazwi sawa na lililo tupu. Nilimsikiliza vile unavyonisikiliza mimi nikianza habari za kwaya.

Nikapanda mbele, kando yake. Unaijua desturi ya kwetu, mke wa dereva hakai juu ya mzigo. Mama Ester akapanda juu ya simenti pamoja na abiria wengine watano. Nyanya zilikuwa nyuma kabisa, na mimi ndiye niliyemwomba akae huko.

“Mama Ester, weye njo uko na mikono ya kuchunga vitu,” nilimwambia.

“Mikono ninayo,” akasema, “lakini siku ya harusi nyama nitakula wa kwanza.” Akacheka, akakiweka kikapu kimoja katikati ya miguu yake.

Barabara ya Kabimba unaijua. Gari zito lenye magurudumu yaliyoshiba upepo linarusha watu, na huko juu hakuna pa kushika ila kamba. Hatukwenda mbali, bati la kabini likaanza kugongwa. Ndiyo njia ya abiria wa juu kuzungumza na dereva, wanapiga bati kwa kiganja kisha wanapaza sauti dirishani.

“Papa Sifa, pole-pole. Huku juu tunavunjika.”

Papa yako akapunguza mwendo. Baada ya muda likagongwa tena, na safari hii ilikuwa sauti ya Mama Ester.

“Mama Sifa, nyanya inapasuka. Kikapu ya chini imekwisha kutoa maji.”

Hapo moyo wangu uliruka, na nataka ujue uliruka kwa ajili ya nini. Sikuwaza migongo ya watu. Niliiona kamati ya harusi ikifunua vikapu vyangu na kukuta uji.

Tulisimama karibu saa tano kwenye kijito ili watu wanywe maji. Jua lilikuwa limeshawaka, huwezi kuweka mkono juu ya bati. Papa yako akagusa magurudumu kwa kiganja, akatoa kipimo. Nikashuka nikamfuata, nikachungulia juu ya bega lake. Mshale ulikuwa karibu na tano.

“Unaona?” nikamwambia. “Kila siku ine na robo, ine na robo. Sasa iko karibu tano. Njo maana gari inaruka. Toa upepo.”

“Hapana, Mama Sifa. Ni moto inaisukuma. Asubui ikiwa baridi ilikuwa ine na robo. Ikipoa itarudi yenyewe.”

“Kwa hiyo namba yako iko ya kweli asubui, muchana iko ya uwongo?”

“Nikitoa sasa, nitabaki na mipira laini chini ya simenti. Laini inajikunja, inapata moto kupita hii. Itapasuka.”

Alilisema hivyo, Sifa, kwa neno hilo hilo. Itapasuka. Nililisikia na masikio haya. Na abiria nao walisikia, lakini walikuwa wameumia, na mtu aliyeumia anasikia anachotaka. Wakaanza: “Papa, sisi njo wenye tunapigwa.” “Papa, tuhurumie.” Mimi nikaona nimepata jeshi. Nikamwambia anawatazama watu kama mizigo, nikamwambia ni kiburi cha udereva tu. Akatikisa kichwa. Basi nikabadilisha sauti. Nikamwekea mkono begani, nikasema, “Kidogo tu, Papa Sifa. Fanya kwa ajili yangu.”

Nilijua ninachofanya. Tulikuwa na miaka kumi na mitatu ya ndoa, na mwanamke akikaa na mtu muda huo anajua mlango upi haufungwi. Alinitazama, akawatazama wale wa juu, akachuchumaa. Nilisikia upepo ukitoka kwa muda mrefu. Alipopima, nyuma zote mbili zilikuwa tatu na nusu. Mama Ester akasema kutoka juu kwamba akipunguza tena kidogo atamwombea kwa Mungu. Akapunguza tena.

Tulipoondoka gari lilikuwa laini kama godoro. Watu wa juu wakaanza kuimba, nikaitambua sauti ya Mama Ester, ya pili, ile ya chini. Nikamwambia papa yako, “Unaona sasa?” Alishika usukani kwa mikono miwili na hakugeuza uso hata mara moja. Nikafikiri amenuna.

Kwenye mteremko wa mwisho, pale unapoanza kuliona ziwa lote, nikasikia mlio, gurudumu la nyuma la kushoto. Gari halikupinduka, papa yako alilishikilia mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lilikwenda upande, likaruka, likaishia kwenye mfereji limeinama. Simenti ikaporomoka. Abiria watano walirushwa majanini, wakapona na michubuko. Mama Ester alikuwa nyuma kabisa, na mikono yake ilikuwa imeshika kikapu.

Mengine sitayaandika. Umewahi kuniuliza kwa nini mchuzi wangu wa samaki aina ya mikeke ni mweupe, kwa nini nyumba hii haiingii nyanya kama nyumba za wenzetu. Nilikuambia zinanipa kiungulia.

Kabla polisi hawajafika papa yako alinivuta kando. Uso wake ulikuwa mweupe kwa simenti, macho tu ndiyo yanaonekana.

“Sikiliza,” akasema. “Nitasema nilitoa upepo kwa akili yangu. Weye ulikuwa umelala.”

Nikamwambia ni mimi niliyemwomba, watu wote walisikia.

“Watu walisikia abiria wote wanaomba. Nyamaza. Tukiingia wawili kwenye kasho, Sifa atabaki na nani?”

Nikanyamaza. Akaingia gerezani peke yake. Ulikwenda nami kumpelekea chakula siku ya kwanza, kisha ukakataa kwenda tena, ukasema wenzako watakuona. Alipotoka alikuwa amekonda na hakuna patroni aliyemwekea ufunguo mkononi. Akarudi kwenye nyavu, kazi ambayo babu zako walikuja nayo kutoka kaskazini mwa ziwa, na ambayo alikuwa ameikimbia akiwa kijana kwa sababu aliyapenda magari. Hakunilaumu hata siku moja. Kuna siku nimemchokoza makusudi ili anilaumu, akaishia kuniuliza kama naumwa.

Kunyamaza kwangu siku ile barabarani kulikuwa zawadi yake kwako, na naweza kuieleza mbele ya Mungu. Lakini alipotoka ulikuwa na wazazi wawili, na sababu ikawa imekwisha. Nikasema ningoje msiba upoe. Kisha ningoje umalize shule ya msingi. Kisha umalize mitihani. Na huku kwenye kwaya wananihurumia, maskini Mama Sifa na mume wake mzembe, wananiletea unga, wananishika mkono baada ya ibada. Niliipokea huruma ile, nikaizoea. Mtu akitaka kujua mama yake ni mtu wa namna gani, aangalie hapo, si kwenye nyanya.

Na wewe nilikuona. Siku ile uliyorudi na sare imechanika kwa sababu msichana mmoja alikuita mtoto wa yule aliyeua Mama Ester, ulisimama hapa hapa jikoni, ukasema utaendesha gari kuliko Papa, utawaonyesha. Ningeweza kukuambia kila kitu saa ile. Nikaona hasira yako inakusukuma kusoma, inakufanya uwe mtu, nikaiacha ifanye kazi. Nilikulea kwa aibu ambayo haikuwa ya baba yako. Ulipopata kibali cha kuendesha ulikuja nacho kwangu, ukanionyesha mimi, ukakirudisha mfukoni. Usiku ule papa yako aliniomba nikiazime kwako nimwonyeshe. Nilikichukua ukiwa unaoga. Alikitazama kwa muda mrefu, akasema picha imekutoa vizuri.

Sasa nisikilize juu ya kesho. Sitakufundisha kuendesha, sijui hata pikipiki. Mimi ni yule anayekaa kando ya dereva akimsumbua, na kazi hiyo naijua kuliko madereva wote wa mji huu. Kwa hiyo naweza kukuambia jinsi nitakavyokuja, nikiwa na uso wa mtu mwingine.

Sitakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ungemfukuza. Nitakuwa mama mwenye mgongo unaouma, nitakuita mwanangu, pengine nitakuwa nimekupa ndizi asubuhi. Nitangoja jua liwe kali na mshale upande, kisha nitakuonyesha namba yako mwenyewe na kukuuliza mbona imezidi. Na kwako nitaongeza neno ambalo papa yako hakuambiwa: nitasema wanawake wanaendesha kwa hasira, angekuwa mwanaume tusingeumia hivi. Hilo utalichukia. Utataka kunionyesha kwamba wewe nawe unajua kuwabeba watu vizuri, na mkono wako utakwenda kwenye valvu kutoa upepo. Naomba ukumbuke sura yangu wakati huo.

Namba ya asubuhi, gari likiwa halijatembea, ndiyo namba. Ya mchana iache ilivyo. Lakini ukiona gurudumu moja limepata moto kuliko mwenzake, hapo simama kweli, usubiri lipoe na utafute sababu. Na yale mateke yako, mwanangu, hayapimi kitu. Gurudumu la gari la mzigo lina ukuta mgumu, litakuitikia hata kama limepoteza upepo mwingi. Nyote pale bandarini mnapiga teke kwa sababu mnaonekana madereva mnapofanya hivyo.

Usidhani pia papa yako ni mtu wa kujaza tu kwa sababu aliumwa na mpira laini. Najua vijana wanamcheka hivyo. Zamani nilimwona, gari likiwa tupu, kwenye mchanga wa kando ya ziwa, akitoa upepo bila kuombwa na mtu, akapita taratibu, kisha upande wa pili akakaa na pampu ya mguu akirudisha wote, jasho linamtiririka. Na ukishashusha simenti Manono, usiendeshe na upepo wa mzigo nyuma. Gari tupu lenye magurudumu magumu linadunda kwenye changarawe na breki hazishiki vizuri. Soma kibati cha gari lako, kina namba ya mzigo na namba ya utupu. Haya yote ameniambia mimi, jioni baada ya jioni, tukila, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Yalikuwa yako. Nimekaa nayo mimi ambaye sina gari.

Nisije nikajifanya nimepona. Jana mama wawili wa kwaya waliniomba niwaombee nafasi juu ya mzigo wako mpaka Nyunzu, na kabla hawajamaliza nilikuwa nimesema ndiyo, Sifa ni mtoto wangu, atakubali. Nililala vizuri kabisa. Leo mchana tu, ulipomtaja Mama Ester, ndipo nikasikia nilichokiahidi. Nimekwenda kwao kabla ya kukaa kuandika, nimewaambia hapana. Mmoja ameelewa, mwingine amenuna na ataninunia mpaka Krismasi. Mzigo huo wa simenti usimpandishe mtu juu yake. Hata nikija mimi nikilia.

Hapa niliacha kuandika kidogo, na sasa nimerudi. Nikueleze kilichotokea.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya kiti chako ili uikute mbele ya safari, mbali na macho yangu. Nilipofika kwenye habari ya wale mama wawili nikajiona. Ni ujanja ule ule. Ulimtukana papa yako mbele ya watu, na mimi nataka kumsafisha kwenye karatasi iliyokunjwa, wewe ukiwa njiani na mimi nikiwa salama hapa nakoroga chai. Na ungeendesha ukiwa na haya kichwani, kwenye barabara ile. Nikainuka, nikaibeba sinia ya vikombe, nikatoka nje.

Wapakiaji waliamka. Nikawagawia chai.

“Mulisikia mutoto yangu leo,” niliwaambia. “Na mumoja wenu alicheka. Sasa musikie. Ile siku ya Kabimba, Papa Sifa alikatala. Alisema itapasuka. Mimi njo nilimuomba atoe upepo, sababu ya nyanya yangu. Mama Ester alikufa sababu ya nyanya yangu.”

Hakuna aliyekunywa. Yule aliyecheka alitazama kikombe chake. Jirani yetu akaja mpaka kwenye ua, mchi mkononi, akauliza, “Unasema nini, Mama Sifa?” Ikabidi nirudie, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu sasa unajua uso wa mtu utakavyobadilika. Uso wake ulibadilika. Miaka yote hii amenipa chumvi, amenipa moto, amenihurumia. Akageuka akaingia kwake. Jioni kwaya nzima itajua. Leo hii hii nakwenda kwa watoto wa Mama Ester, kabla habari haijanitangulia. Sijui kama watanifungulia mlango, na wakinifukuza sitakuwa na la kujibu. Naogopa, Sifa. Naogopa kuliko siku ile barabarani, maana siku ile kulikuwa na mtu wa kuniambia ninyamaze.

Papa yako alikuwa ametoka nyuma ya nyumba. Alisimama penye kona na sindano ya nyavu mkononi, sijui amesikia kuanzia wapi. Nilifikiri atanikasirikia, nimevunja kitu alichokibeba kwa miaka yote hii bila kukiangusha.

“Umekwisha sema?” akaniuliza.

“Nimekwisha.”

Akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, upesi, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Kisha akasema, “Basi leta maji ya sabuni. Valvu ya nyuma, ya kuume, inapumua. Njo kitu nilikuwa nasikiliza muchana.”

Nimempelekea maji ya sabuni kwenye kikombe. Amepaka kwenye valvu na povu linatoka, dogo dogo, halikomi. Wapakiaji wamemzunguka wanatazama. Anasema kwa mwendo wa kawaida usingejua kitu mpaka katikati ya safari, na kufika huko ungekuwa umebaki na gurudumu laini chini ya simenti yote hiyo.

Nakusikia unaongea na mtu barabarani, umekaribia. Nitakupa karatasi hizi mkononi, na utazisoma nikiwa nimesimama mbele yako. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki, na ikikupasa kuondoka kesho bila kuniaga nitaelewa, ingawa itaniuma. Ila kabla ya yote hayo, pita nyuma ya gari. Mgongo wake hauruhusu asimame haraka, kwa hiyo utamkuta bado yuko chini. Usimwinue, na usitafute maneno mazuri. Chuchumaa karibu naye, umwulize ni bari ngapi.

Mama yako